Siku ya Katamarani na Matumbawe Unguja: Anza na Mwezi, Bei Baadaye

Wanaonipigia simu niwasaidie kupanga siku ya bahari Unguja huanza na bei. Mimi huwauliza kwanza: mtatoka mwezi ngapi? Wa bara hujibu Agosti, au Desemba. Mtu wa pwani ananielewa mara moja, kwa sababu swali hilo kwetu ni la mwezi wa angani: siku hiyo mwezi utakuwa umefika tarehe ngapi tangu uandame? Boti ikiharibika hupatikana nyingine, chakula kikisahauliwa hununuliwa njiani, lakini maji ukiyakosea huna la kufanya.

Haya yamenifika. Mara ya kwanza kuwapangia jamaa zangu waliotoka Muscat kwa likizo, nilikodi boti upande wa mashariki na tukaambiwa tuwe ufukweni saa tatu na nusu asubuhi. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Tulipofika, bahari haikuwapo. Palikuwa na uwanda wa mchanga na majani, wanawake wameinama kwenye kamba zao za mwani, na boti yetu ikionekana kama doa jeupe huko mbali karibu na mwamba. Tulitembea zaidi ya nusu saa, shangazi yangu mwenye maumivu ya magoti akishikwa mkono huku na huku, mtoto analia kwa miiba aliyoikanyaga. Tulipopanda botini hakuna aliyebaki na hamu ya kuogelea. Wakala aliyetuuzia safari alijua maji yatakuwaje. Hakusema kwa sababu hatukumwuliza.

Mwongozo huu ni kwa familia au marafiki wanaotaka kukodi katamarani peke yao, waende kuogelea juu ya matumbawe kwa miwani na mrija, kazi ambayo vijana wa ufukweni huiita snokeli. Nauandika kwa Unguja kwa kuwa ndiko ninakokujua, ingawa mengi yatakufaa hata ukiwa Mafia, Wasini au Watamu.

Hatua ya 1: Soma mwezi kabla ya kukata tiketi

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku inayofuata saa zote husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti yake huweza kufika mita 4. Mwezi ukiwa nusu, yaani karibu na tarehe 7 au 8 na tena 22 au 23, huwa ni maji mafu, na tofauti hiyo hupungua hadi karibu mita 1.

Sasa shika hili moja, maana ndilo litakalokuongoza. Hapa Unguja, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume: yanajaa mnamo saa nne na kupwa mnamo saa kumi. Ukijua mwezi umefika tarehe ngapi, waweza kukisia saa ya maji hata bila simu. Wavuvi wa Matemwe hufanya hivyo kila asubuhi wakiwa bado kitandani.

Pima basi kwa haja yenu. Kundi lenye watoto, wazee au wasiojua kuogelea, mimi hulipeleka siku za maji mafu. Mkondo ni dhaifu, na saa nne asubuhi maji yamekuja hadi karibu na mchanga mkavu, mnapanda botini bila kulowa zaidi ya magoti. Kasoro yake ni kwamba fungu la mchanga halitoki vizuri siku hizo. Kama mnachokitamani ni lile fungu jeupe katikati ya bahari, mkeka na mwavuli, nendeni mwezi wa angani ukiwa tarehe tatu, nne au tano, au tena kumi na saba hadi kumi na tisa: maji hupwa kati ya saa sita na saa saba mchana, na bado yanatoka kwa kiasi cha kutosha. Siku ya bamvua yenyewe iacheni kwa waogeleaji wazoefu.

Jedwali la maji la bandari ya Zanzibar linapatikana kwenye intaneti bure. Litazame, kisha mwulize nahodha. Majibu yakipishana kwa robo saa, si neno. Yakipishana kwa saa tatu, tafuta nahodha mwingine.

Hatua ya 2: Kusi au kaskazi

Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi kutoka kaskazini mashariki. Kusi huingia pamoja na masika, hupata nguvu Juni, Julai na Agosti, na kulegea kuelekea Oktoba. Kati ya pepo hizo mbili kuna maleleji, bahari inapotulia kama mafuta, na hapo ndipo maji huwa safi kabisa: Oktoba na Novemba, kisha Februari hadi katikati ya Machi, kaskazi inapolegea. Mvua za vuli zisikutishe, nyingi hunyesha kwa saa moja zikapita. Masika, hasa Aprili na Mei, sipendekezi. Mvua hushusha udongo baharini na boti nyingi huwa zimepandishwa juu kwa matengenezo.

Likizo yako ikiangukia Julai, usikate tamaa. Kusi hupiga upande wa mashariki, kwa hiyo hamia magharibi na kusini magharibi ambako kisiwa chenyewe kinakukinga. Na Julai hadi Septemba nyangumi hupita pwani hii wakitoka bahari ya baridi ya kusini kuja kuzaa, kwa hiyo aliyekuja na kusi naye ana fungu lake.

Usiku wa kuamkia safari, angalia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kisha uangalie tena asubuhi. Wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisha. Nahodha akisema leo hapana, usibishane naye wala usimwongezee pesa ili abadilishe neno lake.

Hatua ya 3: Chagua sehemu moja

Watu hutaka kuona kila kitu kwa siku moja, wakamaliza siku nzima wakisikiliza injini. Chagua sehemu moja.

Chaguo langu la kwanza kwa familia ni Ghuba ya Menai, kusini magharibi, hifadhi tangu 1997 yenye eneo la kilomita za mraba 470. Mnatokea Fumba. Kuna visiwa vidogo, mafungu ya mchanga, na Kisiwa cha Kwale chenye mbuyu mkubwa wa zamani na hori lililozungukwa na mikoko. Maji yakijaa mnaweza kuogelea ndani ya hori hilo kwa utulivu wa ajabu. Yakipwa hakuna pa kuogelea pale. Mnaona jinsi swali la mwezi linavyorudi.

Mnemba, kaskazini mashariki, ina samaki wengi zaidi na maji ya kioo. Eneo lake la bahari limehifadhiwa tangu 2002. Kisiwa chenyewe kimekodishwa kwa hoteli, kwa hiyo msitegemee kushuka. Mnaogelea kwenye mwamba unaokizunguka na kurudi botini. Tatizo la Mnemba ni msongamano. Kuanzia mnamo saa nne boti hujazana hadi unasikia harufu ya dizeli ukiwa majini. Anayekwenda na chombo chake binafsi ana nafasi wengine hawana: atoke saa moja asubuhi, na wengine wanapofika yeye awe anafungua chupa ya chai njiani kurudi.

Mwenye nusu siku tu, akiwa amefikia Mji Mkongwe, aende Changuu kuwaona kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli, kisha fungu la Nakupenda. Matumbawe ya huko ni ya wastani. Na anayetaka matumbawe mazuri kuliko yote ya Unguja afahamu kwamba Chumbe, kisiwa chenye mnara wa taa wa 1904 na mwamba uliohifadhiwa tangu miaka ya 1990, hakifikiki kwa boti yako binafsi. Huko watu huenda kwa utaratibu wa wenyewe, na ndiyo sababu mwamba wake umesalia.

Hatua ya 4: Kifahamu chombo

Katamarani ni vyombo viwili vyembamba vilivyowekwa sambamba na kuungwa kwa sitaha. Jina lenyewe ni la Kitamil, maana yake magogo yaliyofungwa pamoja. Mtu wa pwani hapati shida kuielewa, maana ngalawa yetu nayo husimama imara kwa sababu ya mbao za pembeni zinazogusa maji kila upande. Faida yake ni kwamba hailali upande kama mashua, ina kivuli, mara nyingi ina choo, na haizami sana majini kwa hiyo husogea hadi karibu na mchanga. Mbele huwa na wavu uliotandazwa kati ya miguu miwili, na watoto hawatataka kutoka pale. Waruhusu maji yakiwa shwari tu, na mtu mzima akiwa nao.

Lakini isifiwe kwa haki. Mawimbi mafupi yakija kutoka mbele, katamarani hupiga chini kwa kishindo, na mwenye tumbo jepesi huteseka. Bei yake pia iko juu sana kuliko jahazi au boti ya faiba ya kawaida. Kama mko wanne au watano tu na pesa ni za kuhesabu, kodini jahazi zima lenye injini ya kusaidia tanga. Mtaona matumbawe yale yale.

Hatua ya 5: Makubaliano kwa maandishi

"Binafsi" ni neno ambalo kila mtu ana maana yake. Kwa wengine ni boti nzima kuwa yenu, kwa wengine ni meza yenu tu. Andika kwenye ujumbe, kwa Kiswahili kisicho na njia mbili: boti nzima, watu wetu tu, hatuongezwi mtu njiani. Kisha uliza, na usione haya kuuliza kwa mpangilio huu:

Chombo kina leseni ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na kinaruhusiwa kubeba watu wangapi? Majaketi okozi ni mangapi, na ya watoto ni mangapi? Hili la watoto lifuatilie kwa kuwataja umri na uzito, kwa sababu jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akianguka. Redio ya baharini inafanya kazi? Injini ni moja au mbili? Ada ya hifadhi, mafuta, chakula, maji ya kunywa, miwani na mapezi, vyote vimo ndani ya bei? Bei ni ya boti au ya kichwa? Hali ya hewa ikizuia safari, tunabadilishiwa siku au tunarudishiwa pesa?

Uliza pia nani ataingia majini nanyi. Katika kila watu wanne hadi sita wasio wazoefu, sharti awepo baharia mmoja ndani ya maji, amevaa mapezi, akikokota boya. Baharia anayewaangalia kutoka sitahani huku ameshika simu hatoshi.

Mtanzania achukue kitambulisho chake na aulize kama kuna kiwango cha raia katika ada. Lipa sehemu kwanza, nyingine mkirudi. Na ikiwa safari ni Ijumaa, panga mapema kuhusu swala ya Ijumaa ya mchana. Mabaharia wengi wangependa kuiwahi, na wewe ukiuliza kwa heshima siku nzima inakwenda kwa uso mkunjufu. Mwezi wa Ramadhani wanafunga. Watakupikia vizuri, ila usitarajie waonje chumvi.

Hatua ya 6: Mfuko wako

Beba kidogo. Nguo ya kuogea yenye mikono mirefu ni bora kuliko dawa yoyote ya jua, maana mgongo wa mwogeleaji wa snokeli huwa juu saa nzima. Paka dawa sehemu zinazobaki, nusu saa kabla ya kuingia majini, na chagua isiyo na oksibenzoni, kemikali inayodhuru matumbawe. Viatu vya mpira vya kutembelea mwambani ni lazima. Kanga mbili: moja ya kujifuta, moja ya kujisitiri mkishuka kijijini. Tende, ndizi, maji mengi. Simu ifungwe ndani ya mfuko usiopenya maji.

Anayelewa bahari anywe kidonge cha kuzuia kichefuchefu saa moja kabla, si baada ya kuanza kutema mate. Akae katikati ya chombo au kuelekea tezi, yaani nyuma, mbali na moshi wa injini, atazame upeo wa bahari. Tangawizi husaidia wengi. Tumbo tupu halisaidii mtu. Kula mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha, achana na mihogo ya nazi asubuhi hiyo.

Hatua ya 7: Miwani, kabla hujagusa bahari

Hapa ndipo siku hupona au huharibika, nami nitakaa kidogo.

Weka miwani usoni bila kuvuta mkanda nyuma ya kichwa. Vuta pumzi kwa pua, polepole. Miwani inayokufaa itanasa usoni na kubaki hapo ukiachia mikono. Ikidondoka, au ukisikia upepo ukipenya, chukua nyingine, usijidanganye kwamba kukaza mkanda kutasaidia. Mkanda uliokazwa sana ndio unaopindisha mpira na kuingiza maji. Kinachovujisha miwani mara nyingi ni kitu kidogo: unywele mmoja uliopita chini ya mpira, sharubu nene, au ushungi. Dada anayeogelea na ushungi auvute nyuma hadi mpira uguse ngozi tupu pande zote, kisha mkanda upite juu ya kitambaa. Akiufanya hivi hatasumbuka tena. Mwenye sharubu apake mafuta mazito kidogo juu ya mdomo.

Kuzuia ukungu, temea mate ndani ya kioo kikiwa kikavu, sugua kwa kidole, suuza mara moja tu kwa maji ya bahari. Wanaoona kinyaa hurudi baada ya dakika tano kuomba wafundishwe upya.

Mrija: mpira wake ukae kati ya midomo na meno, meno yakiuma vile vipande viwili vidogo bila nguvu. Simama kwenye maji ya kiunoni, inama, uweke uso ndani na upumue kwa mdomo. Mwili utakataa mwanzoni. Karibu kila mtu hukataa kupumua uso ukiwa majini. Hesabu hadi nne ukivuta, hadi sita ukitoa. Baada ya pumzi kumi hivi moyo hutulia. Maji yakiingia mrijani, usinyanyue kichwa kwa hofu. Puliza kwa nguvu mara moja, kama unayezima mshumaa wa mbali, yatatoka kwa juu. Rudia mpaka iwe desturi. Nimewaona watu wazima wa Dodoma na Kigoma waliokuja wakisema wao maji hawayawezi, wakafanya zoezi hili robo saa, na mchana wakawa ndio wa mwisho kutoka.

Ile miwani mikubwa ya uso mzima siipendi kwa mtu anayeanza. Ikiingia maji huwezi kuitema kama mrija. Ni lazima uivue yote, na huo si wakati wa kuhangaika na mikanda.

Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa au presha isiyotulia aonane na daktari wake kwanza. Na pombe isiguswe na mtu yeyote kabla ya kutoka majini kwa mara ya mwisho.

Hatua ya 8: Ndani ya maji

Kwanza hakikisheni injini imezimwa na chombo kimefungwa kwenye boya. Nanga iliyotupwa juu ya matumbawe huvunja kwa dakika moja kilichokua kwa miongo. Pasipo boya, nanga iende kwenye mchanga. Mkiona inatupwa mwambani, semeni. Mmelipa boti nzima, mna haki ya kusema.

Ingieni wawili wawili, kila mtu na mwenzake, jaketi likiwa limefungwa kwa wasiojua kuogelea. Tazameni mkondo unaelekea wapi: boti iliyofungwa kwenye boya huuelekezea omo wake, yaani mbele yake. Anzeni kwa kwenda kinyume cha mkondo, ili mkichoka maji yawarudishe chomboni. Ngumi ikigusa utosi maana yake niko salama. Mkono unaopungwa maana yake njooni. Kubalianeni ishara hizo sitahani.

Kisha punguza mwendo. Anayepiga mateke huona povu. Laza mwili, acha mapezi yaende taratibu kutoka nyongani, mikono kifuani au mgongoni. Kaa juu ya jiwe moja la matumbawe kwa dakika tano bila kwenda popote. Mwanzoni utaona kitatange wawili, wa njano wenye mistari, wakizunguka kama mtu na mchumba wake. Halafu macho yanazoea. Ufa uliodhani ni kivuli una mkunga, samaki mrefu kama nyoka, anayefungua na kufunga kinywa. Hatishii mtu, ndivyo anavyopumua. Kiti cha pweza chekundu, kiumbe wa umbo la nyota, kimetulia mchangani. Na ukinyamaza kabisa utasikia: kr, kr, kr. Huyo ni pono anatafuna matumbawe. Mdomo wake mgumu kama wa kasuku hukwangua jiwe ili ale mwani ulioota juu yake, na jiwe lililosagika hutoka nyuma yake likiwa unga mweupe. Sehemu ya mchanga ule mlioupiga picha asubuhi imetengenezwa hivyo. Usiku samaki huyu hulala fofofo hadi wavuvi humchukua kwa mkono, ndiyo maana tunasema usingizi wa pono.

Usiguse chochote, usisimame juu ya chochote. Matumbawe ni wanyama hai, na yamepitia mateso: joto la bahari la 1998 liliyapausha na kuyaua mengi katika Bahari ya Hindi, na 2016 yakapauka tena. Ukichoka, lala chali, jaketi au boya likushike. Kiti cha pweza kisitolewe majini kwa ajili ya picha. Vijana hukileta mkononi wakidhani wanakufurahisha, nawe kataa kwa upole. Mkate usimwagwe kuwaita samaki. Kasa akipita, mwache atangulie, usimzibe njia ya kupanda juu kupumua.

Ajali za kawaida ni ndogo. Vile viumbe vyeusi vya miiba mirefu kama sindano, ukivikanyaga, miiba inayoshikika itolewe na mguu uwekwe kwenye maji ya moto yanayovumilika. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Aliyechomwa na mwiba wa samaki aitwaye taa naye awekewe maji ya moto yanayovumilika, nusu saa au zaidi, huku mkienda hospitali. Yavuyavu, kiumbe laini kama jeli, akikuwasha, suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, wala usisugue. Likiwa kubwa, nahodha apige redio, na nambari ya dharura nchini ni 112.

Dakika arobaini zatosha kwa mara ya kwanza. Mtu akianza kutetemeka au midomo kubadilika rangi, atoke, hata kama maji yanaonekana ya uvuguvugu. Na kabla boya halijafunguliwa, hesabuni watu kwa majina, mmoja mmoja, aliyeitwa aitike.

Hatua ya 9: Fungu, chakula na pomboo

Fungu la mchanga lina saa yake. Mwulize nahodha mnaondoka saa ngapi, mheshimu. Maji yakianza kujaa huzunguka kwanza nyuma yenu, mkishtuka mkeka unaelea. Hakuna mti hata mmoja, kwa hiyo kivuli mje nacho.

Changu na pweza wa kuchoma, wali wa nazi, embe na ukwaju: kwa chakula siwezi kukupa shauri kubwa zaidi ya kuwahi kusema kama kuna asiyekula samaki. Mabaki yote yarudi botini, pamoja na vifuu vya madafu.

Kuhusu pomboo nina neno. Ukiwakuta wakipita njia moja nanyi, nahodha apunguze moto, anyooke, asiwakatie mbele, na mtakaa nao muda mrefu. Lakini ile desturi ya boti kumi kuwazingira na watu kurukia juu yao imewachosha wanyama wale. Usiilipie. Mwambie nahodha tangu asubuhi kwamba kwenu kuwaona kwa mbali kunatosha. Wengi hufurahi kusikia hivyo, maana nao hufukuza kwa kumridhisha mgeni tu.

Hatua ya 10: Kurudi

Omba injini izimwe na tanga lipandishwe angalau nusu ya njia. Katamarani chini ya tanga ni chombo kingine kabisa: hakuna harufu, hakuna kelele, ni maji tu yanakimbia kati ya miguu miwili. Jihadhari na foromali, ule mti unaobeba tanga, na kamba, na watoto wakae upande watakaoonyeshwa na baharia.

Bakshishi mpe kila baharia mkononi mwake, au mpe nahodha mbele ya wote ukitaja ni ya watu wangapi. Miwani yako suuza kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ikauke kivulini. Masikio yakiwa yamejaa, inamisha kichwa, usichokonoe. Kunyweni maji mengi kabla ya kulala. Na mkitaka kurudi tena baada ya wiki moja, mkumbuke saa ya maji itakuwa imegeuka: palipokuwa na fungu saa sita patakuwa na maji ya kuzamisha mtu.